Mwalimu Wangu wa Kiajemi Alipokimbilia Lobi

Sentensi ya kwanza niliyojifunza kwa Kiajemi haikuwa "hujambo" wala "jina lako nani". Ilikuwa *Bazar baste ast*, yaani soko limefungwa. Nilijifunza nikiwa nyuma ya dawati la ulinzi kwenye lobi ya jengo moja la ghorofa pale The Pearl, Doha, nimevaa koti la kampuni linalonibana kwapani. Aliyenifundisha alikuwa bibi wa Kiajemi wa ghorofa ya kumi na moja. Kila siku baada ya chakula cha mchana alishuka na lifti, akakaa kwenye sofa la wageni karibu na dawati langu, akafungua daftari la miraba.

Mpaka leo siwezi kununua nyanya kwa Kiajemi bila kugugumia. Lakini niambie niseme kwamba gavana amewapiga wafanyabiashara viboko vya nyayo kwa ajili ya sukari, na mji mzima umefunga maduka kwa hasira, nitakusemea mbio mbio, pumzi haikatiki.

Yalianza kwa neno moja tu. Nilikuwa nazungumza na mwenzangu kwenye simu, nalalamikia serikali, kama ada yetu tulio mbali na nyumbani. Bibi akageuza shingo. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole hilo neno serikali nimelitoa wapi, maana kwao lipo. Nikamwambia nimelitoa kwetu, Makunduchi, kusini ya Unguja, na kama ni hivyo basi sisi ndugu, kwa sababu wazee wetu wanasema asili yetu Shirazi, na kila mwaka tunasherehekea Nairuzi, mwaka wetu mpya: wanaume wanapigana kwa magomba ya migomba, wanawake tunapita tukiimba na kumtukana anayestahili, na siku ile mtu humwambia mwenziwe lililomkaa moyoni, yakaisha. Nilikuwa najigamba kidogo, sikatai. Bibi alicheka mpaka akavua miwani.

"Mimi nimezaliwa Tabriz," akasema. "Shirazi nimekwenda mara mbili tu. Wewe Mwajemi kunishinda mimi."

Siku ya pili akashuka na daftari.

Alikuwa amefundisha historia shule ya wasichana maisha yake yote ya kazi, na nadhani alikuwa na njaa ya mwanafunzi. Mwanawe, mhandisi, aliondoka alfajiri na kurudi magharibi. Ghorofani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na televisheni. Mimi nilikuwa na zamu ya saa kumi na mbili na lobi ambayo mchana haipiti hata nzi. Tukapatana.

Namna yake ya kufundisha sijaiona popote. Hakuniletea picha za tufaha na paka. Alisema lugha ni watu wanaotaka kitu, na ukitaka kuijua lugha anza na siku walipokitaka kwa nguvu zote. Basi akanianzishia miaka ile ya zaidi ya karne iliyopita, watu wa kwao walipomtaka mfalme akubali kutawala kwa katiba. Kila somo lilikuwa siku moja ya habari ile. Leo maduka yamefungwa. Kesho wanazuoni wamehama mji. Keshokutwa watu wanapaza sauti: *Ma adalatkhane mikhahim*, tunataka nyumba ya haki. Hawakusema bunge bado, alinieleza. Walitaka kwanza mahali pa kusikilizwa.

Nami sikuruhusiwa kuruka. Niliomba anifundishe kusema "kesho nitakwenda", akakataa katakata. Wakati ujao, akasema, nitaupata bunge likifunguliwa. Nikangoja majuma matatu! Siku mfalme alipotia sahihi amri ya kufungua bunge alishuka na sahani ya keki za iliki, akaniandikia kwa wino mwekundu: tutachagua, tutasema, tutaandika. Nilikula keki nne. Nilifurahi kana kwamba nami nilikuwa na kura yangu mle.

Lakini somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la bast. Bast ni ada ya zamani ya kwao. Mtu aliyeonewa, asiye na pa kusemea, hukimbilia mahali ambapo mkono wa mkubwa haufiki: msikitini, kwenye kaburi la mtu mtukufu, hata kwenye zizi la farasi wa mfalme. Akae pale. Maadamu amekaa, haguswi, na aibu yote inamwangukia yule aliyemfanya akimbie. Kiangazi kile cha katiba, watu wa mji mkuu waliingia kwa maelfu kwenye bustani ya ubalozi wa nchi ya kigeni, wakakaa. Kila chama cha mafundi kilikuwa na hema lake, washona viatu huku, wauza vitabu kule, na masufuria makubwa yakapikwa wali kutwa kucha. Hakuna aliyevunja kioo. Walikaa tu, wakala, wakasomeana, wakafundishana maana ya katiba ni nini, mpaka mfalme akachoka yeye.

"Walikaa tu?" nilimuuliza.

"Kukaa ni kazi ngumu," akasema. "Jaribu."

Nilimhusudu mama yule. Najua kusema ukweli, na ukweli ni kwamba sijapata kumsikiliza mtu kwa hamu kama ile. Alipofika siku mizinga ilipolipiga bunge, alisoma huku sauti inamtetemeka, habari ya mambo yaliyotokea kabla mama yake hajazaliwa. Alipofika Tabriz ilipozingirwa akaniambia bibi yake alikuwa msichana mle ndani, na walikula majani ya kulishia farasi, yakichemshwa na chumvi, ili mji usisalimu amri. Hapo ndipo akanifundisha kukanusha. Hatukusalimu. Hatukufungua lango. Na mwisho mfalme yule aliyepiga mizinga alishindwa, akakimbilia ubalozi wa kigeni naye, akakaa bast mwenyewe! Bibi alinifumbia jicho moja.

Akaniambia pia siri moja. Kiajemi hakikuwa lugha yake ya kwanza. Nyumbani kwao walisema Kituruki, na Kiajemi alikipata shuleni, kwa mwalimu mmoja wa kike aliyemfundisha kwa habari hizi hizi. Kuhusu mapinduzi ya baadaye, yale aliyoyaona kwa macho yake akiwa mwalimu kijana, hakunisomesha. Alisema tu kwamba yeye naye alisimama barabarani na kupiga kelele, na kwamba alichokitaka kilikuwa kimoja na alichokipata kikawa kingine. "Hilo somo la mtu aliyekomaa," akasema. Sikumsukuma.

Sasa nije kwenye mimi. Wakati ule ule kwetu kulikuwa na jambo. Mama yangu alikuwa akiishi peke yake Makunduchi, magoti yanamuuma, na sisi watoto watatu, mimi na kaka zangu wawili walioko Dar es Salaam, tuliona ahamie kwa kaka mkubwa. Tulifungua kundi la WhatsApp, tukaliita Mambo ya Mama. Mama mwenyewe hakuwemo. Tulipanga vizuri sana: chumba, kitanda, nani atamchukua bandarini. Nikaona fahari, nikajikongoja nikamweleza mwalimu wangu kwa Kiajemi. Nilitumia "tutaamua" na "tumeamua", zote mbili sawasawa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: *Az ishan porsidid?*

Mmemuuliza yeye? Alisema *ishan*, yeye wa heshima, kwa sababu ni mama.

Nikakasirika. Nilimwambia mama yangu mtu mzima, magoti hayana nguvu, kisima kiko mbali, kuna nini cha kuulizwa? Yeye akafungua ukurasa mwingine, tukaendelea na Tabriz. Nami nikasema moyoni, huyu naye, kila kitu kwake ni katiba.

Haukupita mwezi. Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, lifti ikafunguka na bibi akatoka kabla ya wakati wake. Alikuwa amebeba mkoba, mto wa kitandani, chupa ya chai, mfuko wa dawa, na lile daftari. Kilemba chake cha hariri kilifungwa vizuri kuliko siku zote. Akakaa kwenye sofa, akaweka mto nyuma ya mgongo, akanitazama.

"*Man bast neshaste-am*," akasema. Nimekaa bast.

Nikadhani ni somo. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza polepole, ili nielewe kila neno. Jana wakati wa chakula cha jioni mwanawe alimwambia tiketi imekatwa. Alhamisi anakwenda kwa binti yake Uswidi, kukaa huko moja kwa moja. Vitabu vyake, makasha matano aliyokuja nayo, vitatolewa kwa atakayevitaka, kwa sababu nyumba ya binti ni ndogo. Watoto wake watatu walizungumza kwenye simu juma zima, wakakubaliana.

"*Az man naporsidand*," akasema. Hawakuniuliza. "Nyumba ni ya mwanangu. Lobi si yake."

Sikujua nifanye nini. Nina kitabu cha matukio, na kanuni ya kazi yetu ni moja: kila linalotokea kwenye lobi huandikwa, saa na maelezo. Nikaandika saa mbili na dakika kumi. Nikatafuta neno la Kiingereza la bast, sikulipata. Nikaandika: mkazi wa ghorofa ya kumi na moja amekaa bast.

Saa nne akaja msimamizi wetu, Mkenya wa Nakuru, mtu mzuri ila roho yake iko juu juu. Akafungua kitabu.

"Bast ni nini? Ni jina ya kampuni ama ni ugonjwa?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, hadi masufuria ya ubalozini. Alisikiliza huku akijipangusa uso.

"Sasa sista, unaniambia huyu mathee ako kwa mgomo, na sisi ndio ubalozi?"

"Ndivyo hasa."

"Wee! Meneja wa building akipita hapa, mimi na wewe tutarudi home na ndege moja. Mwambie apande juu, apumzike."

"Yeye ni mkazi. Kanuni inasema mkazi haondoshwi lobi."

"Kanuni haikumaanisha mto."

Hapo alikuwa na haki. Lakini alimtazama bibi, na bibi akamwinamishia kichwa kwa adabu kubwa, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Msimamizi akashika kofia yake. Akatoka nje. Nilijua amekwenda kutushtaki. Nikaanza kufikiri nitawaambia nini nyumbani, mkataba ukikatwa: kwamba nimefukuzwa kwa sababu ya mfalme aliyekufa zamani?

Akarudi baada ya nusu saa na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha na vikombe vitatu vya karak, chai ya maziwa ya huku.

"Si ulisema walikuwa wanapikiwa?" akasema, hakunitazama usoni. "Mathee amekula lakini?"

Tulikula wote watatu. Bibi alimfundisha kusema ahsante kwa Kiajemi, naye akaisema kwa lafudhi ya Nakuru, akasifiwa. Kisha msimamizi akasimama mlangoni, kifua mbele, analinda bustani ya ubalozi.

Mwanawe alifika saa saba. Sijui nani alimpigia simu. Ni mtu mpole, hakupata kunipita bila salamu, na siku ile alikuja na uso uliokwisha chokeshwa na kazi. Alisema na mama yake kwa sauti ya chini. Niliyapata maneno machache: tafadhali, watu, aibu, daktari, theluji si mbaya. Bibi alikuwa anatazama mlango wa kioo. Hakujibu hata moja. Kukaa ni kazi ngumu, nikakumbuka.

Mwishowe akanigeukia mimi. Kwa Kiingereza akasema, "Dada, nisaidie, chukua mkoba na mto wake upeleke juu."

Hiyo ni amri ya mkazi. Ndiyo kazi ninayolipwa. Msimamizi alikuwa mlangoni, ananikazia macho. Na mkono wangu, nasema kweli, ulikwisha kwenda kwenye mkoba.

Kisha nikamwambia, kwa Kiajemi cha watu wa zamani nisichojua kingine: "*Az ishan naporsidid.*"

Hamkumuuliza yeye.

Mtu yule alinitazama kama vile dawati ndilo lililosema. Akarudia taratibu maneno yangu, midomo inacheza tu. Kisha akauliza, kwa Kiajemi, nani amenifundisha.

"Mimi," akasema mama yake. Ndilo neno lake la kwanza tangu mwana afike. "Kwani vipi? Anatamka vibaya?"

Akakaa. Mhandisi mzima, suti yake, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, akashika kichwa. Kisha akauliza, na nilielewa kila neno, kwa sababu ni maneno mepesi: "Mama, wewe unataka nini?"

Nilidhani atasema anataka kubaki. Nilikuwa nalitaka hilo mimi, mwanafunzi wake. Bibi akafungua daftari, akang'oa ukurasa uliokwisha andikwa. Atakwenda Uswidi, ndivyo ulivyosema ule ukurasa, maana mjukuu wake yuko kule na hajamshika bado. Lakini atakwenda kwa masharti. Vitabu vinatangulia mbele yake. Baridi ikianza anarudi Doha mpaka iishe. Hakuna mtu kukata tiketi kwa jina lake kabla hajaisikia tarehe kwa masikio yake. Na Ijumaa jioni asisumbuliwe na mtu, ana darasa kwa simu.

"Kama ulikuwa utakwenda tu," mwana akasema, machozi yanamlenga na kicheko kinamtoka pamoja, "yote haya ya nini?"

"Ungeniuliza jana," akasema, "leo ungekuwa kazini."

Walivutana kwenye vitabu. Mwana alisema makasha mawili, bibi akasema matano, wakafika matatu. Mwana akatia sahihi pale pale juu ya dawati langu. Bibi akataka mashahidi. Msimamizi akauliza kama hii karatasi haimnunulishi nyumba, akaambiwa hapana, akasaini. Mimi nikasaini baada yake, kwa herufi za Kiajemi, kuanzia kulia, mara yangu ya kwanza mbele ya watu. Bibi aliitazama sahihi yangu, akanirekebishia nukta moja.

Alhamisi aliondoka kweli. Na Ijumaa simu ililia kweli, na bado inalia.

Lakini jioni ile ya Jumatatu, kwenye basi la kampuni linaloturudisha kwenye makazi yetu Muaither, nilikuwa mshindi. Wenzangu walitaka kisa nami nikawapa, na kila nilipokisimulia sauti yangu ilizidi kuwa kubwa. Nimemwambia mhandisi uso kwa uso! Kisha nikafungua simu. Kwenye kundi la Mambo ya Mama kaka alikuwa ameweka picha ya chumba: kitanda, chandarua kimekwisha tundikwa, pazia jipya. Chini ameandika, keshokutwa fundi anakwenda kuifunga nyumba ya Makunduchi. Na chini yake nilikuwa nimejibu mimi, asubuhi kabla ya zamu, kwa kidole changu mwenyewe: sawa kabisa, Mungu awabariki.

Nyani haoni kundule. Nilihisi aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimtetea mama wa mwenzangu kwa lugha ya kujifunza, na wangu nimemfungia mlango kwa lugha aliyoninyonyeshea.

Nilipofika nilikaa kwenye ngazi za nje, nikampigia. Alipokea kwa pupa, kama siku zote. Nikasikia anakuna nazi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini, mbona leo si Ijumaa?"

"Hakuna kitu. Nataka kukuuliza. Hili la kuhamia kwa kaka. Wewe mwenyewe unatakaje?"

Nazi ikaacha kukunwa. Nikadhani mtandao umekatika, nikaitazama simu. Dakika zilikuwa zinahesabika.

"Mama?"

"Nipo," akasema. "Ngoja niweke huu ungo chini."

Nikamsikia akiguna na magoti yake, akihama kutoka kwenye mbuzi ya nazi kwenda kukaa kitako barazani, akijiweka vizuri, bila haraka hata kidogo.

"Haya," akasema. "Una kalamu?"